Kipovu Chini ya Bawa la Njiwa

Jumamosi, kambi ya wakimbizi ya Nakivale. Jua kali tangu asubuhi na vumbi jingi.

Leo nimebandika stika ya tabaka mbili kwenye mlango wa pikapu ya kanisa letu, ile itakayopeleka wagonjwa hospitali ya Ruharo. Ni kazi ya kwanza ambayo bosi wangu wa mjini Mbarara ameniachia peke yangu. Kesho anakuja ibadani kuiona. Akiridhika, nabaki fundi. Asiporidhika, narudi kufagia vipande vya stika sakafuni.

Tabaka la chini, jua la njano, lilikaa vizuri. Nilinyunyiza maji ya sabuni, nikasukuma kwa kadi niliyoizungushia kitambaa, kutoka katikati kwenda pembeni. Hakuna hewa hata kidogo. Ee, nilijisifu!

Kisha ilibidi ningoje likauke kabisa ndipo niweke njiwa mweupe juu yake. Bosi amenikanya mara ngapi? Maji yakibaki kati ya plastiki mbili hayana fasi ya kutokea. Lakini kina mama wa kwaya walikuwa wamekwisha kufika kwa mazoezi, wamenizunguka, wanapiga vigelegele. Nikaona haya kuwangojesha. Nikabandika.

Haraka haraka haina baraka. Najua methali, na bado.

Kipovu cha maji kimebaki chini ya bawa, kidogo kama punje ya haradali. Mama Rehema, kiongozi wa kina mama, akaniuliza, "Binti yangu, imekamata muzuri?"

"Imekamata, mama."

Nimemdanganya mama aliyenipokea pale Kabazana, kwenye kituo cha kupokea wakimbizi, nikiwa sina hata sufuria.

Akaweka kiganja juu ya njiwa, palepale, akaniombea: "Bwana, bariki mikono ya huyu mutoto." Wote walifumba macho. Mimi yangu yalikuwa wazi, yanaangalia vidole vyake.

Kesho baada ya mahubiri kanisa zima litaweka mikono juu ya gari, ndiyo desturi yetu. Mikono yote hiyo, na jua la saa sita! Kipovu kitavimba, bawa litainuka, na bosi amesimama pale. Njiwa wa pili sina, alikatwa mmoja tu.

Nina sindano ya kushonea. Dawa yake ni kutoboa pembeni na kusukuma maji taratibu. Naogopa nitapasua. Ila naogopa zaidi kuombewa tena juu ya uongo.

Asubuhi, kabla ngoma ya ibada haijalia, nitapita kwa Mama Rehema na sindano yangu. Nitamwambia. Halafu nitamwomba anishikie bawa.