Bega Langu na Adabu Zangu

Jumanne, 5 Machi
Sindano leo, zile nyembamba za tiba, zisizo na dawa. Mzee Kurosaka anayenichoma haoni tangu utotoni, vidole vyake ndiyo macho. Alipogusa nyuma ya bega niliguna kama ng'ombe. Kwake sijibani, uso wangu haumhusu. Kasema misuli imelegea kidogo, lakini kazi bado ipo. Tangu Novemba, nilipoteleza jikoni mwa shule nikiinamisha sufuria kubwa ya supu ya maboga, nikaumia bega, nimechomwa sindano mpaka nimezoea. Bima ya kazini inalipa, mradi Daktari Sugimori aendelee kuandika kwamba nazihitaji. Mwaka mpya wa shule unaanza Aprili. Nautaka mwiko wangu.

Alhamisi, 7 Machi
Hospitali. Daktari Sugimori ni kijana, mpole, ana mafua.
"Bega linaendeleaje, mama?"
Nikainama. "Afadhali sana, daktari, kwa hisani yako."
Ningejibu nini kingine? Mtu kahangaika nami majira yote ya baridi! Nikampa ndoo ya achari ya figili niliyotengeneza mwenyewe. Akafurahi. Mimi pia.

Jumatano, 13 Machi
Simu ya Mzee Kurosaka. Daktari ameandika kwamba nimepona. Mwezi ukiisha, bima hailipi tena sindano. Nikasema lazima wamekosea. Akauliza nilimwambia nini daktari. Nikamweleza, na ndoo ya achari pia.
"Na hiyo ndoo nani aliibeba?"
Mimi, kwa mkono wa kushoto.
"Bi Mineko, huo mdomo wako una afya kuliko mwili mzima."
Nimekasirika. Zaidi kwa sababu ni kweli.

Jumatatu, 18 Machi
Tazuko, mwenzangu wa jikoni, kaja na maandazi ya maharage. Ndiye anayekoroga mchuzi peke yake tangu niumie, na halalamiki. Anasema mkuu wa jiko kasikia alichoandika daktari, anauliza: kama nimepona, mbona sijaripoti? Na kama Aprili siwezi kuinua sufuria, atatafuta mwingine.
Akanitaka ninyanyue birika la chai kwa mkono wa kulia. Lilifika kifuani, likarudi. Chai meza nzima. Tazuko hakucheka.
"Rudi ukamwambie," akasema.
Nimwambieje? Nikisema bado naumwa, ni kama kumwambia tiba yake haifai kitu. Na achari kaila! Lakini bila sindano bega hili litakauka hivi hivi. Naogopa. Kazi nyingine siijui, wala sitaki kuijua.

Ijumaa, 22 Machi
Naandika kwenye benchi, nje ya chumba cha daktari.
Njia nzima nilikuwa nakariri: bado linauma, bado linauma. Nikaingia. Akauliza likoje.
"Afadhali sana, kwa —"
Nikajiziba mdomo. Kwa kiganja, kweli kabisa. Akaacha kuandika.
"Inua mkono wa kulia, mama."
Niliinua hadi usawa wa kidevu, jasho likanitoka. Yeye alikuwa ananitazama usoni, mkono hata hauangalii.
"Mbona unatabasamu?"
Machozi yakaanza, na nadhani tabasamu lilikuwa bado lipo palepale. Ndipo nikasema. Bado linauma. Sauti yenyewe ya mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni. Samahani, nikaongeza, achari haikuwa na maana kwamba nimepona.
Hakukasirika. Kanitoa nje nisubiri. Anampigia Mzee Kurosaka, kisha ataamua aandike nini. Namsikia akiongea, maneno siyapati. Nimekaa wima, mikono mapajani.
Nesi amepita na faili langu. Kaniuliza bega likoje leo.
"Afadhali sana, nashukuru," nimemjibu.
Ameliandika jibu hilo kwenye faili, kisha kaingia nalo kwa daktari.