Ile simu niliyompigia meneja wako

Mwanangu Zaituni,

Jumapili ulinipigia kutoka Kigoma ukaniuliza uende Mwanza au ubaki. Nilikujibu kwamba nitafikiria. Sikuwa na la kufikiria. Nilikuwa na jambo la kukwambia na sikulisema, na Ijumaa unatakiwa uwajibu watu wa Mwanza.

Unamkumbuka yule mzee wa Urambo? Ulikuwa umeanza kazi yako ya kwanza hapa Tabora, afisa rasilimali watu mdogo kuliko wote ofisini. Jioni hiyo ulifika nyumbani Cheyo, hata viatu hujavua.

"Leo mzee mzima kaniamkia shikamoo," ulisema. "Mimi. Kabeba dumu la asali, anamwombea mwanawe asiachishwe kazi."

"Ukaitikia?"

"Niitikie marahaba, Baba, nilaaniwe?"

Mama yako alikuwa anapepeta mchele. "Na asali mmeifanyaje?"

"Tumemrudishia."

"Haya. Tuendelee kunywa chai na sukari," akasema.

Tulicheka. Halafu ukaeleza, sasa bila kucheka, kwamba mzazi akishafika ofisini mtoto hapimwi tena kwa kazi yake. Hata akibakizwa, amebakizwa kwa ajili ya baba. "Na kibaya zaidi," ulisema, "yule kijana hajui kwamba baba yake alikuja."

Kazi ile uliiacha baada ya mwaka na miezi kadhaa. Ya pili, ofisi ilifungwa. Halikuwa kosa lako, ingawa mimi nililihesabu. Mwezi uliopita uliponiambia kwamba Kigoma umechoka kupanga likizo za watu, na kwamba Mwanza wanataka ukawafundishe wafanyakazi wapya, nilikwambia utaonekana kiguu na njia.

"Wasifu wangu naujua, Baba," ulijibu. "Wa wenzangu nausoma kila siku."

Jumatano iliyopita nilimpigia meneja wako. Unajua tulisoma darasa moja. Nilimwambia binti yangu anataka kuondoka, nikamwomba atafute namna ya kumshika. Hatukufika dakika tano. Sikubeba dumu, lakini nilimwita "mheshimiwa", mtu niliyekuwa nikimtania tangu tukiwa na kaptula.

"Niachie mimi, ndugu yangu," alisema.

Siku nne baadaye ndipo ulipopiga, sauti imechangamka. Wamekuahidi ukuu wa kitengo ukikubali kubaki. "Wameniona, Baba," ulisema. Nami nikakujibu kwamba nitafikiria.

Kazi yangu ni kuandika habari. Naujua uzito wa kumnyima mtu taarifa anayoihitaji ili aamue. Wewe nimekunyima. Sijui kama cheo hicho ungekipata bila simu yangu, huenda ungekipata. Jana nilimuuliza meneja. Alicheka tu, akaniuliza habari za mvua. Sasa hata ukikistahili, hakuna anayeweza kukuthibitishia, na aliyekuharibia kipimo ni mimi.

Nilijiambia nakuokoa. Ukweli ni kwamba nimekaa kwenye kazi moja tangu ujana na nikakufundisha kuwa hiyo ni sifa. Hakuna aliyewahi kuniita kwingine. Wewe wamekuita. Sijui ningefanya nini ningeitwa, kwa hiyo ushauri wangu juu ya jambo hili hauna chanzo.

Nakutumia barua hii kwa simu leo Jumanne. Sikupiga kwa sababu kwa sauti ningepunguza maneno, nawe ungenionea huruma. Unayo haki ya kukasirika, na hasira hiyo usiimalizie kwa kwenda Mwanza wala kwa kubaki. Pima kazi mbili zile kama unavyowapima watu wengine, kana kwamba baba yako hakufika ofisini.

Asubuhi nilimweleza mama yako. Nilidhani atanigombeza. Aliendelea kuosha vikombe, kisha akauliza, "Na asali yako utaichukua lini?"

Ndiyo hii naichukua. Uamuzi wako nitausikia pamoja na watu wengine.

Mimi,
Baba yako