Dalali Wako wa Louisville

Dada Esta,

Tangu tukuzike huko Buffalo, watu wananiuliza kama nimepata amani. Ninajibu ndiyo. Siwezi kuwaambia kwamba bado ninakuonea wivu.

Wivu huo ulianza siku uliponipigia simu kusema umenunua deni la nyumba ya mtu huko Louisville. Ulinieleza polepole: mwenye nyumba alikopa, aliyemkopesha anauza karatasi ya deni, wewe unainunua, na kila mwezi mwenye nyumba anakulipa wewe. Mfanyakazi wa ghala kama mimi, sasa umekuwa kama benki. Nikasema, "Mungu asifiwe." Nilipokata simu nililia kwa hasira.

Baada ya hapo kila neno lilikuwa "Mama Shantali amesema." Dalali wako. Mimi niliyelala na wewe mkeka mmoja kwenye kambi ya wakimbizi, sasa habari zako nazisikia kupitia mtu wa Louisville. Donc, basi, sikukuomba namba yake. Nilijitafutia wangu hapa Columbus, Fideli, yule wa suti anayeomba vizuri kanisani. Alikuwa anauza deni la nyumba, kubwa kuliko lako. Nilikuwa nimebakiza kusaini tu.

Uliniuliza, "Umeona karatasi yenyewe? Malipo anapokea nani sasa?"

Nikakujibu, "Hutaki na mimi nipate."

Hatukuongea tena. Wiki mbili baadaye moyo wako ulisimama.

Siku ya mazishi Mama Shantali alinivuta pembeni. Akasema ulimsihi amchunguze Fideli. Mlikuja wote Columbus, mkaenda ofisi ya kaunti inayotunza karatasi za nyumba, mkakuta deni lile lilikwisha kulipwa zamani. Mkaenda hadi kwenye nyumba yenyewe, na mwenye nyumba akawaonyesha barua ya kumaliza deni. "Esta alitaka kukuambia uso kwa uso," akasema. "Alikuwa anangoja hasira yako ipoe."

Bon, sawa, nilipaswa kumshukuru. Nikamuuliza, "Siku hiyo mlikula wapi?"

"Ndani ya gari. Alikuwa amekaanga ndizi."

Dada, hilo ndilo lililonichoma. Si Fideli. Safari yako ya mwisho kwenye mji wangu, ndizi zako alikula yeye.

Karatasi nimemrudishia Fideli bila saini, na kanisani nimewaambia waliokuwa wanamfuata. Juzi nilimpigia Mama Shantali kuulizia deni la kununua. Nimemuuliza maswali yako yote, mengine mara mbili, nikingoja akasirike. Hakukasirika. Alituma karatasi kabla sijaziomba. Nimeelewa kwa nini ulimpenda, na sijafurahi kuelewa.

Ninakuahidi sitasaini kitu ambacho sijakichunguza mwenyewe, kama ulivyonichunguzia. Kuhusu wivu, siahidi.

Lala salama, mukubwa wangu. Siku ile ungekuja tu kwangu Westerville, hapa pembeni ya Columbus. Ningekununia, lakini ningekupikia.

Mdogo wako,
Furaha