Usiku Bila Yowe

Mabira, Jumamosi, Mei 1988. Mvua za mwisho mwisho za masika. Kahawa niliyoanika imelowa yote, na sijali.

Jana usiku Kemilembe hakupiga yowe.

Mwanangu ana miaka sita. Tangu mwaka jana anakurupuka usingizini macho wazi, anapiga kelele kama anachinjwa, wala hanitambui. Asubuhi hakumbuki kitu, anadai uji. Mimi ndiye ninayebaki macho hadi kunakucha.

Huku kwetu ukisikia yowe hulali. Unachukua panga, unakimbia. Mwanzoni majirani walikuja wote, wakidhani ni mwizi au chui. Baadaye wakaja wawili watatu, wakipiga miayo. Mwisho wakakubaliana, wala hawakunificha, kwamba yowe la nyumba hii si yowe. Tangu hapo naogopa. Nikivamiwa kweli, nani atakuja? Baba wa mtoto yuko Kituntu kwa mke mdogo.

Daktari wa misheni akanipa imipramini, nusu kidonge kila jioni. Alisema wazi ni dawa ya watu wazima wenye huzuni isiyoisha, ila watoto wa namna hii nao huwatuliza. Nilikaribia kucheka. Nyumba nzima hii, dawa ya huzuni anapewa mtoto!

Nimekuwa nikimpa ndani ya ndizi iliyopondwa. Jana, kimya. Nami sikulala, nilisikiliza pumzi zake tu.

Asubuhi Bibi Byera, jirani yangu wa ng'ambo ya migomba, akasimama mlangoni amejifunika jani, analowa. Nikamwamkia shikamoo, hakuitikia.

"Waitu, mama Kemilembe, mtoto yuko wapi? Jana hatukusikia kitu. Nikasema, ameshakufa."

Nikamwonyesha Kemilembe anakunywa uji. Akamshika kichwa, akamshukuru Mungu, akarudi kwake.

Nilifurahi, jamani. Ni muda mrefu mtu hajaja kwangu.

Halafu, nikichambua kahawa, ikanijia: aliyesikia kimya alikuwa macho. Kumbe usiku zote zile bibi alikuwa macho, anamsikia mwanangu analia, ananisikia mimi nambembeleza, na hakutoka.

Nimepata jirani leo, au nimempoteza? Sijui. Nimelia kidogo.

Sasa jioni. Nimekata kidonge. Nusu ya Kemilembe, nusu ya kesho.

Yangu haipo.