Supu ya Yai na Limau

Mama,

Baba hali. Naanza na hilo kwa sababu najua ndilo ungeuliza kwanza.

Ni mwezi wa nne tangu tukuzike. Wiki ileile mimi na binti yangu Sofia tulihamia hapa kwenu Hallunda, Uswidi, kwa kuwa Baba hawezi tena kuachwa peke yake. Ule usahaulifu wake, ambao wewe ulikuwa ukitufichia, umezidi. Wasaidizi wa manispaa wanamletea chakula cha mchana kwenye visanduku vya plastiki: samaki, viazi, mchuzi mweupe. Anakitazama, anashukuru kwa Kiswidi kizuri, halafu anasukuma sahani. Mkanda wake wa suruali nimeutoboa matundu mawili kwa msumari. Nesi alimpima akaniambia kwamba akiendelea hivi atalazwa. Kaka Niko anataka tumpeleke kwenye nyumba ya wazee huko Södertälje, karibu na kwake. Hasemi kwa ubaya. Anaogopa tu, kama mimi.

Basi nikaamua kumpikia chakula chako. Ni cha Wagiriki, lakini kilikuwa chako tangu siku Bibi, yule Mgiriki mzaa Baba, alipokuita jikoni kwake Tanga. Ulinisimulia: hakutaka mwanawe amuoe binti wa Pongwe, ila alipoona harusi haizuiliki alikufunga aproni kiunoni, akasema, "Umemchukua, basi mlishe." Ukamlisha miaka arobaini. Hata huku, kila Jumapili ngazi za jengo zima zilinukia mdalasini, na Niko alikuja na wanawe kula makaroni ya kuoka na majani ya mzabibu uliyoyaviringishia wali.

Na kila Jumapili uliniita. "Njoo uone mkono wangu." Mimi nilikuwa sebuleni na simu. Nilikujibu kwamba nitajifunza mwaka ujao. Nilikujibu kwa Kiswidi, Mama, ili usiweze kubishana nami.

Hukuandika popote. Nimefungua kila droo. Nimekuta betri, vifungo, meno ya utotoni ya Niko kwenye kikopo cha dawa. Mapishi hakuna. Nikaangalia video za wanawake wa Ugiriki kwenye simu. Kila mmoja ana njia yake, na hakuna hata mmoja anayetia pilipili manga nyingi kama wewe.

Nilianza na musaka. Bilinganya zilifyonza mafuta yote, nyama ikakauka. Baba alionja, akatema kwenye karatasi, akauliza, "Rehema yuko wapi?"

Nikamwambia ukweli. Nikamwambia umefariki, tulikuzika pamoja, na yeye ndiye aliyetupa udongo wa kwanza. Alilia kama mtu aliyepata habari sasa hivi, kwa sababu kwake ilikuwa sasa hivi. Jumatano akauliza tena. Nikamwambia tena, akalia tena. Niliona ni heshima kumwambia ukweli. Mara ya tano Sofia alitoka chumbani mwake, uso umemvimba, akaniambia kwa Kiswidi niache kumuua babu yake kila siku.

Siku hiyo nilijaribu supu ya kuku, ile ya yai na limau uliyokuwa ukimpikia akiugua. Yai likaganda vipandevipande. Nikaimwaga, nikaanza upya, likaganda tena. Nilikaa sakafuni nimeshika uma, nikakutukana. Nilisema umeondoka na kila kitu, umeniachia mzee anayekufa kwa njaa mbele ya sahani. Nisamehe. Sikuwa na mwingine wa kumkasirikia.

Halafu, nikiwa palepale chini, nikasikia sauti yako, ile ya Jumapili niliyodhani siisikilizi. Ulikuwa ukimwambia mke wa Niko kwamba yai ni kama mgeni, halishtuliwi. Litilie supu ya moto kijiko kimoja kimoja, huku unapiga, mpaka lizoee. Kumbe masikio yangu yalikuwa na adabu kuliko mimi.

Jumapili iliyopita supu ilishika. Niko alikuwepo. Nilimwekea Baba bakuli, nikageukia sinki kwa sababu sikuweza kutazama. Nilikuwa nimejifunga kanga yako. Nilisikia kijiko kikigonga bakuli mara tatu, nne, kisha kikawekwa mezani.

"Rehema," akasema, "leo umezidisha limau."

Niko, aliyesimama kando ya sinki, alinitazama. Nilijua ninachopaswa kusema. Sikugeuka.

"Kesho nitapunguza, Baba Niko," nikamjibu.

Alimaliza bakuli, akaomba jingine. Sofia alinong'ona, "Morfar äter," babu anakula, akanishika mkono. Niko alitoka nje, kwenye roshani, bila koti, akasimama kwenye baridi kwa muda mrefu. Aliporudi hakutaja nyumba ya wazee. Aliniuliza tu nitaweza hadi lini.

Tangu hapo anakula. Kidogo, lakini anakula. Na kila mchana mimi ni wewe. Ananieleza mambo aliyokuwa akikueleza, mengine si ya mtoto kusikia. Jana aliniomba radhi kwa jambo alilokufanyia Tanga, kabla hatujazaliwa, nami nikamsamehe kwa niaba yako. Sijui kama nilikuwa na haki hiyo. Sijui kama wewe ulikuwa umemsamehe. Naumia sana, Mama. Siwezi hata kukulilia, kwa sababu ndani ya nyumba hii hujafa.

Pumzika. Baba sitampeleka popote maadamu anakula mkononi mwangu. Sofia nimeshamwita jikoni, na nisipojua kitu namwambia sijui. Na kama huko uliko unanisikia nikiitika jina lako, usikasirike. Nitaliitika mpaka atakapoacha kuita. Siku hiyo nitakuja kaburini kwako, nikulilie kwa jina langu mwenyewe.

Mwanao,
Katerina