Gunia la Kukimbia la Shangazi Hawa

Jumapili, Arua. Mvua imeanza tangu asubuhi na mpaka sasa haijaamua kama inaacha au inaendelea. Mimi na hiyo mvua leo tuko sawa.

Niseme ukweli: sijui niandike nini kwenye ile ripoti. Kesho asubuhi bosi anaitaka mezani, na anataka jibu fupi tu kuhusu tawi letu la Koboko. Hatari kubwa, au hatari ya wastani. Nikiandika kubwa, tawi linafungwa. Nikiandika wastani, linabaki. Ndiyo kazi yangu benki, kupima hatari. Na kwetu ni Koboko, kule mpakani. Haya, mama, pima nyumba ya baba yako!

Ijumaa bosi alikuja kutoka Kampala. Tulikaa kwenye chumba cha mkutano kule Arua Hill, akatueleza kanuni za Basel. Basel ni mji wa Ulaya ambako wakubwa wa mabenki ya dunia walikubaliana kwamba benki isikopeshe kwa hela za wateja peke yake. Wenye benki nao waweke ya kwao, mtaji, wa kumeza hasara siku mambo yakiharibika. Hapo nilikuwa naye. Akaja kwenye uzito, akanipoteza. Kila mkopo una uzito wake wa hatari, na ukiwa mzito benki inatakiwa kuwa na mtaji mwingi zaidi. Serikali ikikopa kwa shilingi yake, uzito wake ni sufuri. Shangazi yangu Hawa, anayeuza samaki wakavu Oraba, mpakani kabisa, akikopa ni mzito kama jiwe la kusagia.

Sufuri! Babu yangu alikuwa askari wa serikali iliyolala ikiwepo, kulipokucha haipo, na Koboko nzima ikakimbilia Sudan na Kongo kwa miguu. Niliwaangalia wenzangu. Wengi walikuwa wanaangalia meza, na mimi nikaandika sufuri kwenye daftari.

Baadhi hawakuelewa hilo jambo la mtaji, bosi akaniomba nieleze kwa Kiswahili. Nikasema, jamani, ni gunia la kukimbia. Chumba kizima kikacheka, kikaelewa palepale. Aliyebaki nje ni bosi, ikabidi nimweleze na yeye. Kwetu, kila nyumba iliyowahi kukimbia ina gunia moja nyuma ya mlango: mtama, simsim, yaani ufuta, chumvi, sufuria. Haliguswi hata njaa ikiuma. Mavuno yakija, mtama wa zamani unaliwa na mpya unaingia, kwa sababu "akiba haiozi" ni maneno ya watu, fukusi hawajui methali.

Bosi alifurahi sana. Nikajiona mjanja. Kisha akasema, basi unaelewa kwa nini Koboko inatulemea: gunia letu ni dogo, na mpaka ule ni mzito. Nenda kapime, uniletee jibu Jumatatu.

Ujanja wangu wote uliishia hapo.

Jana nilienda mpaka Oraba nikaone kwa macho yangu. Juzijuzi risasi zilisikika upande wa Kaya, ng'ambo ya mpaka, Sudan Kusini, na malori yalikuwa yamesimama mstari mrefu, madereva wamelala chini yake. Adhuhuri ikafika. Wabadilisha fedha wakafunika meza zao kwa kitambaa, hela zikiwa chini yake, shilingi zetu na pauni za ng'ambo pamoja, wakaenda kuswali. Meza zikabaki zenyewe. Watu wanapita, mbuzi wanapita, hakuna aliyenyoosha mkono. Sasa hilo naliandika wapi? Kwa kanuni zetu, hela isiyo na mlinzi ni hatari kubwa. Kwa macho yangu, sijawahi kuona hela iliyokaa salama kama ile.

Kutoka pale nikaenda nyumbani kwa shangazi. Nikamkuta na wageni, wakwe zake kutoka Kaya, mama na watoto wake, wanakula kimya kama watu ambao bado wanasikiliza nje. Nyuma ya mlango gunia lilikuwa limekunjwa, tupu.

"Shangazi, mtama ya gunia iko wapi?"

"Si hii. Watu wamekula."

"Na wewe ukikimbia kesho?"

"Kwani hawa hapana kimbia? Gunia ya kukimbia, watu ya kukimbia. Huko benki munasoma nini?"

Nilikasirika, wallahi. Nikamwambia sheria ya gunia ni kutoguswa, yeye mwenyewe ndiye aliyenifundisha, na alinichapa nilipochota simsim humo nikiwa mdogo. Akasema shamba la Ludara litaleta mtama mwingine, Mungu iko. Mungu yupo, ndiyo, lakini mtama wa Ludara bado mbichi, nimeuona kwa macho yangu. Kama risasi zile zingevuka usiku ule, angetoka na nini? Lakini na mimi nilibaki na swali ambalo bosi hakulijibu. Gunia lisiloguswa njaa inapofika, kazi yake nini?

Kabla sijaondoka aliniuliza kama ni kweli benki inaondoka. Habari zimeshafika sokoni kabla ya ripoti yangu! Akajishika kiunoni, pale alipokuwa akifunga hela chini ya gomesi, lile gauni refu la mshipi, kuzileta benki Arua, zamani kabla ya tawi kufunguliwa. Safari moja wezi walimvamia njiani, wakampiga. Sikio lake la kushoto halisikii vizuri mpaka leo, ndiyo maana nikimpigia simu naongea kwa kelele.

Leo asubuhi niliingia sokoni na mvua hiyohiyo. Nikanunua mtama, simsim na chumvi, nikamkabidhi dereva wa lori la samaki anayejua kwa shangazi. Nikarudi nyumbani nimelowa, moyo umetulia, nikakaa kuandika "wastani".

Nikaandika herufi tatu, nikazifuta. Kama Koboko ni wastani, nimenunua gunia la nini?

Hatari ni kubwa. Najua. Nimezaliwa nikijua.

Lakini sikumwambia shangazi ahame. Nilitaka akae, na gunia lijae. Nimesoma tena zile karatasi za Ijumaa, mstari kwa mstari, na nilichoona ni kwamba mzigo ukiwa mzito mtaji uongezwe. Sikuona mahali palipoandikwa kimbieni. Hilo neno la kufunga ni la wenye benki, ambao hawataki kuongeza ya kwao. Au ninajidanganya? Labda hawana, kama ambavyo shangazi hana. Labda wakibaki Koboko na gunia dogo, siku moja watafilisika, na hela za wanawake wote wa soko lile zipotee nao. Nikifika hapo najikuta nimerudi nilipoanza.

Mwisho nimeandika hivi: Hatari kubwa. Tawi libaki. Mtaji uongezwe. Bosi aliomba jibu fupi. Hilo ndilo fupi nililoweza.

Magharibi shangazi akapiga simu. Alikuwa anacheka, nyuma yake sauti za watoto, wengi kuliko wa jana.

"Gunia imefika, mutoto ya kaka yangu. Mungu akubariki. Wageni wengine wameingia sasa hivi, tumefungua."

Nilikata simu, nikahesabu hela zilizobaki kwenye mkoba. Ripoti sijaigusa tena. Kesho naipeleka hivyohivyo ilivyo, halafu napita sokoni kununua mtama.