Kibendera cha Kumi na Nne

Mzee Barasa,

Nimekukasirikia. Nilitaka kuanza kwa upole, nikaandika na kufuta mara tatu, lakini kila nikifika mstari wa pili hasira imesharudi. Basi nianze nayo, tuimalize.

Huu ni mwezi wa sita tangu ulipotutoka pale hospitalini Lodwar, watu wako wakaja kukuchukua kukuzika kwenu Bungoma. Sikufika mazishini. Mwalimu mkuu alisema maabara haiwezi kubaki bila mtu, na mtu mwenyewe ni mimi, msaidizi wako, uliyemfundisha kuosha chupa mwaka mzima kabla ya kumruhusu kushika kisu. Tangu hapo funguo ninazo, cheo sina. Niliambiwa nishike kazi "kwa muda", mpaka ofisa wa elimu atoke Lodwar aje Kakuma, anione nikiendesha somo la vitendo, ndipo aamue kama nafasi yako niipate mimi au waletewe mtu mwenye diploma kutoka mbali. Akapangiwa Ijumaa. Somo: chura, nje na ndani.

Ungefurahi. Mimi nilitamani kulia, kwa sababu ya chura wako.

Unamjua ninayemsema. Yule aliyelala chali kwenye trei ya kioo, ndani ya fomalini, miguu imetandazwa, tumbo wazi, na vibendera kumi na tisa vya plastiki tulivyokata kwenye mfuniko wa ndoo, kila kimoja juu ya pini yake na namba yake. Majina uliyaandika wewe katika daftari la bluu. Jumatatu nilikaa nikalinganisha daftari na chura, namba kwa namba. Moja, moyo. Mbili, mapafu. Tatu, ini, na sehemu zake tatu. Nne, kifuko cha nyongo. Nikaenda hivyo, tumbo, kongosho, wengu, utumbo mwembamba, mpaka kumi na tatu, figo. Kisha kumi na nne: "Nitakuonyesha."

Utanionyesha lini, Mzee?

Wewe uliyekuwa ukinirudisha kabatini kwa sababu nimegeuza lebo ya chupa ikatazama ukutani. Wewe uliyeandika hata siku tuliyonunua sabuni. Vitu kumi na nane umevitaja kwa jina, kimoja ukaniachia ahadi. Nililitupa daftari sakafuni. Halafu nikaliokota, nikalipangusa, maana ni mwandiko wako.

Nilikumbuka siku ya mwisho niliyokuja kukuona. Uliniambia, "Akiru, yule chura wetu..." Muuguzi akaingia na dawa, ukalala. Nilidhani unanikumbusha kubadilisha fomalini. Nilirudi Kakuma nikaibadilisha siku hiyohiyo. Kazi safi, na kumbe si ulichokuwa ukisema.

Basi nikaanza kutafuta mwenyewe. Pini ya kumi na nne imesimama chini kidogo ya moyo, pembezoni mwa ini, na ukitazama pale ilipochoma huoni kitu. Nilisema labda kilikuwapo kikaoza. Nilihitaji chura mpya, na unajua kupata chura hapa kwetu. Bahati mvua ilikuwa imenyesha milimani, mto Tarach ukashuka na maji, na wale waliojizika mchangani wakatoka wakipiga kelele kama wanadai haki. Nilikamata wanne. Mmoja nilimwacha hai kwenye beseni. Watatu niliwapasua, Jumanne mmoja na Jumatano wawili, kwa utaratibu wako: kwanza nje, wiki nzima ikiwezekana, siku nzima ikishindikana. Ngozi ina unyevu. Pua mbili. Duara la sikio nyuma ya jicho. Kope la tatu, lile jembamba linaloonyesha. Vidole vinne mbele, vitano nyuma na utando wake. Ulimi umeshikwa mbele ya mdomo, si nyuma kama wetu. Kisha mkasi, kandokando ya mstari wa katikati ili usikate ule mshipa mkubwa wa tumboni. Na nilikusikia kabisa ukiniuliza, "Kushoto kwa nani, Akiru? Kwako au kwa chura?" Kwa chura, Mzee. Siku zote kwa chura.

Watatu wote, mahali pa kumi na nne, hakuna kitu.

Alhamisi nilishindwa. Nikafanya nilichopaswa kufanya Jumatatu: nikafungua shajara zangu. Niliangalia mwaka wangu wa pili kazini, nikaipata siku tuliyomtengeneza yule chura. Nakuandikia kama ilivyo: "Jumatano. Mzee ameniachia nipange vibendera peke yangu, yeye ataandika majina baadaye. Nimeweka vyote kumi na tisa. Cha kumi na nne ni kiwambo, ule utando unaotenga kifua na tumbo. Sikuuona vizuri lakini lazima upo. Mzee ametazama, amesema vizuri, tutaongea."

Lazima upo! Kwa sababu kwa mbuzi upo. Mimi mtu wa Namoruputh, niliyekua nikishika miguu ya mbuzi baba akichuna, niliyekaa nyuma ya wazee wakiutandaza utumbo kusoma yajayo, ningeshindwaje kujua kilicho ndani ya kinyama kidogo kama hicho? Utando ule unachanwa ndipo ufikie moyo, kila mtoto wa kwetu anajua. Nikachoma pini penye hewa, nikaipa namba.

Chura hana kiwambo. Ulijua siku ileile. Na miaka yote hiyo, darasani, ukifika kumi na tatu ulikuwa unakohoa kidogo, unasema kumi na tano, na mimi nimesimama nyuma nimebeba beseni nikidhani ni fomalini inakuwasha koo.

Kwa nini hukuniambia? Naomba nieleze kilichonikera, si kosa. Kosa ni langu. Kilichonikera ni huruma yako. Ulinihurumia kama mgeni. Ulingoja nikomae, au ulingoja nigundue mwenyewe, sijui, na sasa hakuna wa kumuuliza. Dakika moja, Mzee! "Akiru, huyu si mbuzi." Ningeona aibu, ningekunywa chai, tungeendelea.

Ijumaa asubuhi nilishika koleo niing'oe ile pini kabla ya ofisa kufika. Vibendera kumi na nane, hakuna wa kuuliza. Lakini wanafunzi wa kidato cha tatu walikuwa wameshachora chura huyo wiki iliyotangulia, na namba zote wanazo kwenye madaftari. Ningeng'oa kwenye trei, nisingeng'oa kwao. Nikairudisha koleo.

Ofisa alikaa nyuma, miwani puani, kalamu mkononi. Nje ya chura ilikwenda vizuri. Tulipofungua ndani wakaanza vituko vyao. Lokol, yule mrefu, akasema, "Madam, hii chura haina mbavu? Nani alikula?" Achol, aliyekaa karibu na dirisha, akamjibu, "Si wewe, ulikosa lanchi jana!" Darasa likaangua kicheko. Nikawaambia ndiyo, hana mbavu kama zetu, tazameni. Nilifika kumi na tatu. Mzee, nakiri, koo lilianza kunikereketa lenyewe. Na Achol, ambaye kwao Bor walifuga ng'ombe na haachi kitu kipite, akauliza, "Madam, na kumi na nne?"

Ofisa akainua kichwa.

Nikasema, "Kumi na nne ni kosa langu. Nilitafuta kwa chura kiwambo cha mbuzi, diaframu. Hakipo."

Kisha Lokol akasema, "Haki, hata mimi niliandika diaframu!" Na wengine, huku na kule, hata mimi, hata mimi. Karibu nusu ya darasa, watoto wa mbuzi na watoto wa ng'ombe, walikuwa wamejaza wenyewe, na hakuna aliyeuliza mtu. Achol akasimama. "Sasa kama hana, anavuta hewa na nini?" Nikawaletea yule wa beseni. Wakamzunguka mpaka meza ikasogea. Wakaona koo lake likishuka na kupanda, likishuka na kupanda, pua zikifunguka na kujifunga. Nikawaambia, yeye haivuti hewa kwa kifua, anaisukuma kwa mdomo kama anayeimeza, na nyingine anaipata kwa ngozi. Lokol alijaribu kupumua hivyo akapaliwa. Kengele ililia, hawakuondoka.

Ofisa alibaki nami tukikusanya trei. Alisema, "Wewe ungeweza kuing'oa ile pini." Nikamwambia nilishika koleo. Akacheka kidogo, akaandika, hakunionyesha. Barua imekuja jana. Nafasi ni yangu, na likizo ijayo nianze masomo ya cheti pale Lodwar. Nimeisoma nikiwa nimesimama, nikageuka kukuambia, nikaona koti lako jeupe tu msumarini.

Ndipo nikalia. Na nikakasirika tena, kwa hiyo usijione.

Jumatatu ananijia msaidizi. Ni mama wa rika langu, anatoka Kerio, amepasua samaki tangu utotoni na ameshaniambia chura hamshindi. Najua atakachotafuta: matamvua ya kupumulia majini. Nakuahidi hivi, Mzee. Akichoma pini pale, sitakohoa, na sitamwandikia "nitakuonyesha". Nitamwambia palepale, mbele ya trei, chura mkubwa hana. Kisha nitamchukua mpaka kwenye maji yaliyobaki Tarach nimwonyeshe viluwiluwi, kwa sababu kwa hao hatakuwa amekosea.

Pumzika, Mzee wangu. Uko kwenu, kwenye udongo wenye mvua. Mimi niko hapa, naendelea.

Akiru